Yaya, Fungua Sanduku

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa ya pili

Yaya Deo, kaka yangu,

Niliupoteza ukumbi wa parokia Jumapili ile iliyotangulia Kwaresima, saa nne na nusu asubuhi, watu wakiwa bado wanatoka kanisani. Pamoja na ukumbi nilipoteza madawati ishirini na mawili, taa nne, na wanafunzi ishirini na saba kati ya thelathini na wanane. Ubao ndio uliobaki, kwa sababu ubao ni wangu, niliuchongesha mwenyewe kwa seremala wa hapa Kenya. Nimetanguliza hesabu mbele ya salamu ili usije ukasema Filomena anaficha.

Sasa nakusalimia. Macho yako yanaonaje? Mdogo wetu Placide aliniambia unasoma gazeti ukiwa umelishika mbali kama mtu anayeogopa liume. Goti la mama limepungua? Mwambie ile dawa ya kupaka si ya kuweka chini ya mto, ni ya kupaka. Mahindi ya upande wa mto yamevunwa yote au mmeachia panya tena? Mimi ni mzima. Homa ilinishika siku sita mwezi wa saba, siku ya saba nikafundisha nimekaa.

Barua hii anakuletea Mama Ngoie, yule anayeuza samaki wa kukauka, jirani yangu, ambaye hufuata mzigo wake huko kwenu Kabalo kila baada ya wiki saba. Nimempa mkononi kwa sababu simu yako hainipokei. Tangu Pasaka nimekupigia mara kumi na nne. Ya kwanza ililia, zile kumi na tatu hazikulia hata kidogo, kwa hiyo naelewa umenifunga. Sawa. Karatasi haifungwi.

Ninachokitaka nakisema hapa juu, ili usisome barua yote ukikitafuta. Nataka diploma ya Serikali ya mtoto wako Bibiane, ile ya sekondari, ya asili, iliyo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chako. Amepata nafasi ya kusoma. Bila karatasi hiyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Yanayofuata ni maelezo, na wewe ni mwalimu mstaafu, unajua jibu bila maelezo halina alama.

Nianze na siku iliyovunja mambo, maana najua uliisikia kwa midomo ya watu, na midomo ya watu haikuwepo.

Unajua Jumamosi darasani kwangu ni siku ya mjadala. Tuna makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza wanafunzi wanatia vikaratasi vya mada, bila jina. La pili lina vifungo vya shati, vyeupe na vyeusi. Ukivuta cheupe unatetea, ukivuta cheusi unapinga. Kanuni ni tatu, nimeziandika ukutani kwa rangi: unatetea upande uliouvuta, hata kama unakuchoma, pili, mshindi anajulikana kwa mikono, tatu, mjadala ukiisha, hakuna anayeulizwa moyoni mwake anaamini nini. Hiyo ya tatu niliiweka mimi, baada ya mwanamume mmoja kutetea talaka na mke wake kuja kunisubiri mlangoni. Mara moja kwa mwezi mwalimu naye anavuta kifungo, wanafunzi wapate kusikia Kiingereza kinavyotembea.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Bibiane, anayefundisha pamoja nami. Mada iliyotoka kwenye kopo ilisema hivi: mwalimu anayependa watu wa jinsia yake asiruhusiwe kufundisha. Mwandiko niliujua. Aliyeuandika yumo kati ya wale ishirini na saba, na jina lake silitaji hata kwako. Ningeweza kukitupa kile kikaratasi. Nilikiangalia, nikamwangalia mtoto, naye akanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo kabla sijasema neno.

Akavuta cheupe. Maana yake alitakiwa aitetee ile mada. Aseme mwalimu wa namna hiyo atoke.

Upande wa pili alikuwa Kasongo, mtu wa Kambove, aliyechimba mawe kwa mikono miaka minane na sasa anaendesha mashine ya kuinua mizigo. Kasongo ana miaka thelathini na nne na sauti ya ng'ombe, lakini Kiingereza chake wakati ule kilikuwa na miezi mitano. Alisimama, akasema sentensi nne, mbili zikiwa ni ile ile, akakaa.

Bibiane alisema dakika saba. Yaya, yote unayoyasema wewe aliyasema, na aliyasema vizuri kuliko wewe. Kwamba mzazi analeta mtoto kwa kuamini. Kwamba mwanafunzi anamuiga mwalimu mpaka namna ya kukohoa. Kwamba jina la shule ni kama nguo nyeupe. Nilikuwa nimekaa nyuma na saa mkononi, nikijua mtoto anajenga ukuta na yeye mwenyewe yuko upande wa nje. Maana mimi nilijua. Nilijua tangu mwaka wake wa pili wa chuo, na tulikuwa tunaishi na jambo hilo kama watu wanavyoishi na kisima ndani ya lupango, uani: kila mtu anajua kilipo, hakuna anayekikaribia.

Tulipiga kura. Wapiga kura walikuwa thelathini na sita, maana wajadili hawapigi, na mwanafunzi mmoja hakuja. Mikono ishirini na tisa ilimpa ushindi, saba ikampa Kasongo. Watu wakapiga makofi. Bibiane akangoja yaishe, akavunja kanuni ya tatu. Alisema kwanza kwa Kiingereza, kisha akasema kwa lugha yetu ili mtu asije akadai hakuelewa.

“Nimeshinda. Bon, ule mwalimu yenye munakatala, njo mimi. Sasa siku ya kwanza nani atafungula mulango?”

Kila Jumatatu yeye ndiye aliyefungua darasa. Alifuta ubao, akatoka.

Kesho yake baada ya misa, rais wa kamati ya ukumbi alinisimamisha karibu na pango la Bikira Maria. Alikuwa na wazee wawili wa shirika letu la sala, wale wale waliokuja kunifariji nilipofiwa na mume wangu. Alinyoosha kiganja, mpole kama mtu anayeomba chumvi.

“Mama Filo, hatukufukuze. Tunakamata paka fungulo yetu.”

Nikampa ufunguo, hawakutaka kingine. Nikamwambia wachukue na maneno kwamba ninakodi mwaka wa sita sasa, sijachelewa hata mwezi mmoja, na dirisha la kushoto ni mimi niliyetia kioo. Akasema hayo hakuna anayeyakana. Basi nikaita wanafunzi wanne waliokuwa wamebaki wakinitazama, tukautoa ubao, tukavuka nao barabara kubwa pikipiki zikitupigia honi. Tuliuegemeza kwenye ukuta wa lupango langu, kati ya choo na mti wa mapera.

Hapa nafika mahali pa aibu yangu, na nakuandikia kwa sababu sitaki unione kama mtakatifu anayekuhubiri. Jumapili ile ile mchana nilimwita Bibiane nikamwambia aende kwa rais wa kamati, aseme ilikuwa maigizo ya mjadala, kila mtu anajua kwangu watu wanasema wasichoamini. Lilikuwa jambo rahisi. Dakika tano. Ukumbi ungerudi.

Akaniuliza mimi shangazi yake:

“Tantine, nikisema ilikuwa muchezo, nitacheza mpaka siku gani?”

Nilikasirika. Nilimwambia amenigharimu ukumbi wa miaka sita kwa sentensi mbili. Nikamwambia apumzike kidogo, asije darasani, mpaka maneno yapoe. Kupumzika, nilisema. Yeye akaelewa neno lile lilivyo. Akafunga begi, akaenda kukaa Karavia kwa mwalimu mwenzake wa zamani, mwanamke mwenye watoto watatu aliyehitaji mtu wa kuwafundisha.

Kwa hiyo unaposema mimi namlinda, ujue nilianza kwa kumtoa. Tofauti kati yako na mimi ni wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu nilifundisha peke yangu. Wale kumi na mmoja waliobaki wakawa wanane. Nilisema ni mvua. Mvua ilikuwepo kweli, na bati zangu za kukinga watu ni tisa tu. Lakini siku moja Kasongo alibaki baada ya wenzake kuondoka, akasaidia kufunika ubao na turubai, akafunga kamba polepole, nikajua ana neno.

“Mama mwalimu, mi nilishindwa na Kingereza, sikushindwa na maneno,” alisema. “Wale bantu balinyoosha mikono juu ya ile Kingereza muzuri. Ile Kingereza ni nani alibapatia? Si ule ule?”

Nikamwambia mambo hayo ni mapana. Akacheka.

“Na yako, mama, unisamee. Yako iko ya Kasumbalesa.”

Yaya, nilitaka kumpiga na chaki. Lakini ni kweli. Unakumbuka mwaka ule baba, aliyefunga mabehewa ya treni miaka ishirini na tisa, alipotuita sisi wawili akasema masomo yatamtosha mtoto mmoja, na mtoto huyo ni wewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Darasani nilikuwa wa pili, wewe kwako ulikuwa wa kumi na tisa. Sikubisha. Nilikuja huku kwa shangazi, nikauza mikate mpakani Kasumbalesa, na Kiingereza changu nimekiokota kwa madereva wa Zambia, neno moja kwa kila mkate, nikiyaandika nyuma ya mifuko ya unga. Yalifika maneno elfu mbili na mia moja kabla sijashika kitabu cha sarufi. Kwa maneno hayo nimejenga nyumba ya vyumba vinne na darasa. Lakini Kasongo ana haki. Mimi nawafundisha watu kununua na kuuza. Bibiane anawafundisha kusema.

Na nikuambie jinsi anavyofundisha, maana wewe umefundisha miaka thelathini na moja, utaelewa kuliko katekista wako.

Kitabu tunachotumia, kila somo lina bwana na bibi na watoto wawili, wa kiume na wa kike, na mbwa. Somo la sita linasema: eleza juu ya baba yako na mama yako. Nimelifundisha somo hilo miaka mingi nikiona watu wanasema uongo, sikujali, mradi vitenzi vimekaa. Nilikuwa na Mama Charlotte, anashona nguo huko sokoni. Kwa Kiingereza alikuwa na mume anayefanya kazi ofisini. Kwa Kiswahili ni mjane wa miaka sita. Bibiane alipoanza kazi kwangu alinisihi nihesabu. Nikahesabu, unajua mimi hesabu siikatai. Kati ya wanafunzi thelathini na wanane, wanaokaa nyumba moja na baba na mama, au na mume au mke na watoto, kama kitabu kinavyotaka, walikuwa kumi na wawili. Wengine ishirini na sita kitabu hakikuwahesabu. Bibi na wajukuu. Kaka wakubwa na wadogo zao. Dereva mwenye nyumba mbili, moja hapa na moja Likasi. Wachimbaji watano chumba kimoja.

Basi akaligeuza somo. Swali likawa: nani anakaa kwenu, na kila mmoja anafanya nini asubuhi? Hivyo tu. Vitenzi ni vile vile. Mama Charlotte siku hiyo alisema mume wake amekufa, akalisema kwa wakati uliopita bila kosa, akakaa chini, akajipangusa uso, akaomba kusema tena.

Mimi nililiona ni jambo dogo la ufundi. Sikujua kwamba alikuwa anafungua mlango ambao yeye mwenyewe angepitia.

Basi, baada ya maneno ya Kasongo nilipanda pikipiki kwenda Karavia. Nilimkuta anaanua nguo za watoto wa watu. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, mashimo ya barabara yakaimwaga yote. Nikamwambia ana darasa saa kumi na moja. Akauliza darasa gani. Nikamwambia la kwenye lupango, kati ya choo na mti wa mapera. Akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Kisha akauliza kama bado anatakiwa kupumzika, nikamjibu hapana, mimi ndiye nilikuwa nimechoka, si yeye, na nimekosa. Unajua mara ngapi nimelisema neno hilo maishani. Akapanda nyuma ya pikipiki, tukakaa watatu na dereva.

Siku ya kwanza aliyorudi tulikuwa na watu wanane. Leo ni thelathini na watatu. Nakupa mgawanyo: wale wanane, watatu walioondoka katika wiki zangu za upweke, wamerudi wote, kumi na wawili katika wale ishirini na saba, wamerudi mmoja mmoja, wengine wakisingizia walikuwa na msiba, na kumi wapya, ambao wanne wamesema wazi wamekuja kwa sababu wamesikia hapa mtu haulizwi anakaa na nani ila kwa Kiingereza. Hao kumi na watano wasiorudi nawakuta sokoni. Wengine wananisalimia. Mmoja anavuka barabara.

Mwezi uliopita tulirudia lile somo la nani anakaa kwenu. Kijana mmoja, mpya, simtaji, fundi wa redio, alisimama akasema kwao wanakaa wawili, yeye na rafiki yake, akakaa upesi kama mtu aliyekanyaga moto. Bibiane alisubiri, kama anavyosubiri kila mtu. Kasongo ndiye aliyeuliza, kwa lile sauti lake, kama somo linavyotaka: nani anapika? Kijana akafikiri, akatafuta vitenzi, akajibu kwamba rafiki anaunguza na yeye anapika. Darasa likacheka, Yaya, kile kicheko cha watu wanaokumbuka sufuria zao wenyewe. Mama Charlotte akamshauri namna ya kuosha sufuria iliyoungua. Kwa Kiingereza. Sentensi tatu safi. Nilitia alama.

Sasa nafasi yenyewe. Chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Kusini kinafundisha walimu wa Kiingereza, shahada ya pili, miaka miwili, kila kitu juu yao mpaka tiketi. Tangazo lilimfikia Bibiane kwenye simu. Nilimwambia hao ni wezi wa mtandao, wanakusanya majina. Akalisoma kwa sauti uani, mara mbili. Walitafuta walimu wanaofundisha watu ambao darasa la lugha huwaacha nje, na waliwataja: vipofu, wakimbizi, wenye kupenda wa jinsia yao, na wale ambao nafsi zao hazikai katika visanduku viwili vya fomu. Mimi niliposikia hayo yameandikwa na chuo kikuu, na muhuri, niliacha kubisha. Miaka yote nilidhani jambo hilo ni siri ya nyumba yetu. Kumbe ni sura ya kitabu, kuna watu wanalisomea.

Swali la fomu lilikuwa moja: eleza somo ulilolibadilisha ili mtu aliyekuwa nje aingie. Aliandika kurasa tatu juu ya somo la sita. Mimi nilimpa hesabu, kumi na wawili na ishirini na sita, na jina langu liko kwenye ukurasa wa pili kama mwenye shule. Ile Jumamosi ya vifungo hakuificha wala hakuipamba. Wakamhoji kwa simu dakika arobaini, mtandao ukakatika mara tatu. Wiki tatu baadaye wakajibu. Katika nchi zote za Afrika wamechukua watu tisa. Mtoto wako ni mmoja wa tisa hao.

Wanataka vyeti vyote, nakala zilizopigwa muhuri hapa Lubumbashi mbele ya karatasi za asili, zifike kwao kabla ya tarehe ishirini na nane. Vyeti vya chuo anavyo. Kimebaki kimoja. Picha ya simu haikubaliki, nimeuliza. Kutoa diploma nyingine badala ya ile, nimeuliza pia: karani akanionyesha rundo la maombi lililofika kiunoni mwake, akasema miezi minane nikiwa na bahati.

Najua ulichosema Pasaka, nilipokuomba karatasi hiyo mara ya kwanza, Bibiane alipoanza kutafuta nafasi ya kusoma. Nimeihifadhi ile sauti yako, dakika mbili na sekunde kumi. Ulisema: “Ile sanduku haitafunguka mpaka nikufe.” Nimeisikiliza mara nyingi, na sikusikia chuki humo. Nilimsikia mtu anayeogopa kutoka nje. Katekista atasema nini, wazee wa gare, pale stesheni, watasema nini. Wataambiwa mtoto wa Mwalimu Deo amekwenda kusoma shahada ya pili. Hilo ni kweli, na ni refu la kutosha kwa mazungumzo ya kijiweni.

Unasema pia kwamba mimi si mzazi wake. Yaya, hapo unasahau desturi ya kwetu. Dada wa baba ni baba wa kike. Ndivyo tulivyomwita dada yake baba, na ndiye aliyenipokea mimi ulipobaki na madaftari yote. Nimekaa na Bibiane miaka tisa. Nimemuuguza malaria mara tano. Sikuzidi wewe, lakini sauti ninayo.

Na kuna hili, nimeliacha lije mwisho kwa sababu ndilo linalonipa tumaini. Diploma ile ilipofika, miaka minne baada ya mtihani, ni wewe uliyekwenda kuichukua. Asilimia sitini na nane, msichana pekee aliyefaulu katika kundi lake. Mke wako Anasthasie aliniambia hukuingia nyumbani moja kwa moja. Ulipita nyumba tatu, baiskeli ukiikokota, ukiwaonyesha watu, na hukukubali mtu aiguse kwa mkono. Ndipo ukaiweka sandukuni, ndani ya plastiki mbili, kwa sababu ya mchwa. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kuniambia karatasi ile si kitu kwake. Ulikuwa unaihifadhi kwa ajili ya siku fulani. Siku hiyo imekuja, haina sura uliyoitegemea, ndiyo tofauti.

Mimi nitapoteza nini, ukitaka kujua? Mwalimu wangu bora, kwa miaka miwili. Nimeshahesabu: Mama Charlotte ataanza kuwafundisha wapya somo la kwanza hadi la nne, Kasongo atasimamia mjadala, mimi nitafanya yaliyobaki na Kiingereza changu cha mpakani. Na bati nimeongeza sita, mvua za kwanza zisitukute kama mwaka huu. Bibiane amesema atarudi. Namwamini, lakini hata asiporudi, aende.

Msalimie mama yetu, umwambie ubao wangu uko salama, maana aliuliza. Msalimie mke wako Anasthasie, nashukuru kwa unga wa muhogo, ulifika kilo zote isipokuwa ile aliyokula dereva. Mdogo wetu Placide wa gare, mwambie aache kunitumia picha za mabehewa, nimeyaona ya kutosha utotoni. Wajukuu wa upande wa mto, wote saba. Shemeji yetu mwenye mashine ya kusaga, na mtu wa shirika anayemsomea mama Injili.

Mama Ngoie yuko Kabalo mpaka Ijumaa. Anaondoka mchana, kwa treni ikiwepo, kwa lori isipokuwepo. Atapita kwako Ijumaa kabla ya kengele ya saa sita, hatakaa kula, usimcheleweshe kwa chakula. Mpe bahasha yenye diploma. Ikiwa hutampa, usimpe salamu, usimpe maelezo, wala usiseme utafikiri. Miezi saba umefikiri. Chukua karatasi, uandike hapana, utie sahihi. Na juu ya neno hilo uandike jina la mtoto, lote, kama lilivyo kwenye diploma, kwa mkono wako mwenyewe uliomfundisha kuliandika. Nataka aone umeweza.

Ndiyo au hapana, Yaya. Ijumaa, saa sita.

Dada yako,
Filomena